Chuma Kipya, Gari Lile Lile: Mwongozo wa Kuvuta Tela kwa Usalama

Ukisimama Mwembesongo asubuhi ya Jumamosi utayaona yakitoka moja baada ya jingine. Pikapu na tela la viti na maturubai ya harusi. Pikapu na tela la tenki la maji, linakwenda kwenye ujenzi Kihonda. Pikapu na tela la jenereta na spika. Wengine wameshatoka alfajiri kwenda kufuata ndizi na mananasi Kiroka na Matombo, au kabichi na viazi Mgeta. Tela limelisha familia nyingi mjini Morogoro, yangu ikiwemo, na ndiyo maana naandika haya.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda gereji na neno moja tu: "Fundi, nifungie kiungio kikubwa." Kiungio ni kile chuma cha nyuma ya gari kinachobeba tufe la kushikia tela. Fundi hakuniuliza nitavuta kilo ngapi. Nami sikumwambia, kwa sababu sikujua. Alichomelea chuma kinene, kizuri kwa macho, nikaondoka nikiamini gari limeongezeka nguvu. Wiki mbili baadaye nilikuwa natoka Kiroka na mzigo wa ndizi. Kwenye mteremko wa kushukia Bigwa nilikanyaga breki, na badala ya gari kupunguza mwendo nikasikia linasukumwa kutoka nyuma. Nikakanyaga tena, pedeli ikaenda chini laini kama ya kukanyaga sifongo, na harufu ya breki zinazoungua ikajaa ndani. Nilisimama kwa msaada wa gia ndogo na kichuguu cha udongo kando ya barabara. Nilipoteremka kukagua, chuma kipya hakikuwa kimepinda hata chembe. Kilichoshindwa kilikuwa gari.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Uwezo wa kuvuta haupimwi kwa unene wa chuma cha nyuma. Kuna gari, breki zake, ekseli, tairi, tufe, kikombe cha tela kinachofunika tufe hilo, boliti na tela lenyewe. Kila kimoja kina namba yake, na namba iliyo ndogo kuliko zote ndiyo uwezo wako. Ukibadilisha kiungio umebadilisha namba moja tu kati ya hizo.

Zijue namba nne za gari lako

Namba hizi ziko kwenye kitabu cha gari, na baadhi ziko kwenye kibati kilichopigwa ndani ya fremu ya mlango au chini ya boneti. Magari mengi tunayonunua yametumika nje na kitabu hakipo, au kimeandikwa Kijapani. Chukua namba ya chesisi na aina ya injini, utafute maelezo ya modeli hiyo hiyo na mwaka huo huo. Usichukue namba za gari la jirani kwa sababu tu bodi zinafanana. Hilux mpya za dizeli katika masoko mengi zimeandikiwa kuvuta hadi kilo 3,500 kwa tela lenye breki. Hilux za zamani zimeandikiwa chini ya hapo kwa mbali. Jina ni moja, uwezo ni tofauti.

Ya kwanza ni uzito wa juu kabisa wa gari lenyewe, pamoja na dereva, abiria, mafuta na mzigo uliomo.

Ya pili ni uzito wa juu kabisa wa gari na tela vikiwa pamoja. Hii ndiyo namba ambayo watu wengi hawajawahi kuisikia.

Ya tatu ni uzito wa tela linaloruhusiwa kuvutwa, na huandikwa mara mbili: tela lenye breki zake na tela lisilo na breki. Kwa pikapu nyingi na magari mengi madogo, tela lisilo na breki halipaswi kuzidi kilo 750, hata kama lenye breki limeruhusiwa tani mbili au tatu.

Ya nne ni uzito unaoruhusiwa kukandamiza tufe kwenda chini pale mkono wa tela unapolikalia. Mimi nauita uzito wa pua.

Tuchukue mfano. Tuseme pikapu imeandikiwa kilo 2,900 ikiwa imejaa, kilo 4,700 pamoja na tela, na tela lenye breki kilo 2,250. Mwenye gari anaisoma ile 2,250 na kufurahi. Lakini akijaza pikapu yake hadi 2,900, kwenye zile 4,700 zinabaki 1,800 tu kwa ajili ya tela. Zile 450 nyingine ni za karatasini. Akitaka kuvuta 2,250 kamili, pikapu yenyewe isizidi 2,450. Mzigo unaoongeza mbele lazima uupunguze nyuma.

Sasa tela. Matela mengi yanayotengenezwa mitaani hayana breki, na kwa kuwa tunapenda chuma kizito, tela tupu hufika kilo 400 au 450. Kama lako ni kilo 450 na halina breki, basi kwenye ile 750 umebakiwa na kilo 300 za mzigo. Hizo ni mifuko sita ya saruji. Namba hii ni chungu, najua. Hata mimi sikuipenda niliposoma mara ya kwanza. Lakini ndiyo namba iliyokuwa inanisukuma pale kwenye mteremko wa Bigwa.

Pima mzigo, usiukadirie kwa macho

Macho yanadanganya, hasa kwa vitu vinavyojaa kimya kimya. Maji ni rahisi: lita moja ni kilo moja. Tenki la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, kabla hujahesabu tenki lenyewe na tela. Saruji ni kilo 50 kwa mfuko, kwa hiyo mifuko 20 ni tani.

Mchanga ndio umewavunjia watu ekseli nyingi. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu hukaribia tani 1.6, na ukilowa unazidi. Tela lenye bodi ya mita 2 kwa mita 1.2, lenye kingo za sentimita 40, linabeba karibu mita moja ya ujazo. Likijazwa hadi ukingoni ni kama tani moja na nusu. Kwa macho linaonekana tela dogo tu.

Halafu kuna lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamepiga vita lumbesa miaka mingi. Sisi tunaobeba viazi na kabichi tunajua gunia lililoshonewa kilemba juu bado linaingia barabarani. Ukihesabu "magunia kumi, basi tani moja" na yote ni lumbesa, umejidanganya kabla hujawasha gari. Weka gunia moja kwenye mizani ya sokoni kisha zidisha. Fanya hivyo hivyo kwa viti: pima viti kumi vya plastiki pamoja, ujue mia mbili ni kilo ngapi. Turubai lipime likiwa limelowa, maana linaporudi kutoka kwenye msiba usiku wa mvua ya masika si lile ulilolipeleka.

Na angalau mara moja, peleka gari na tela vikiwa na mzigo wa kawaida kwenye mizani ya malori ya ghala la nafaka au kiwanda kinachokubali kupima kwa malipo. Pima vyote pamoja, kisha gari peke yake, kisha kila ekseli. Karatasi utakayopewa itakufundisha kuliko maneno ya mtu yeyote, yangu yakiwemo.

Uzito wa pua

Tela likiwa na mzigo mwingi nyuma ya ekseli yake, pua hunyanyuka, na tela huanza kuyumba kama mkia wa mamba mara tu mwendo unapopanda. Mzigo ukilundikwa mbele mno, pua hulemea, gari hukaa chini nyuma, usukani unakuwa mwepesi na taa za mbele zinapiga juu ya miti. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba pua ibebe karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa tela, bila kuvuka namba ya nne ya gari lako. Tela la kilo 750, pua kilo 75. Tela la kilo 1,500, pua kilo 150.

Kuipima si kazi. Kama unatarajia pua nyepesi, weka mizani ya kupimia watu juu ya tofali, simamisha pua juu yake kwa kipande cha mbao, tela likiwa limelala sawa na ardhi, usome. Kama ni nzito kuliko mizani, tumia ubao imara. Mwisho mmoja wa ubao ulaze juu ya bomba lililo chini. Sentimita 30 kutoka kwenye bomba, weka pua ya tela. Sentimita 90 kutoka kwenye bomba, weka mizani chini ya ubao. Soma mizani ubao ukiwa mtupu, soma tena pua ikiwa juu, toa ya kwanza kwenye ya pili, kisha zidisha mara tatu. Huo ndio uzito wa pua.

Kumbuka pua inakandamiza nyuma ya ekseli ya gari, kwa hiyo ekseli inabeba zaidi ya pua yenyewe. Chukua gari ambalo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3, na tufe liko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Pua ya kilo 150 itaiongezea ekseli ya nyuma kilo 210, na itaipunguzia ekseli ya mbele kilo 60. Hizo 60 ndizo zilizokuwa zinasaidia tairi za mbele kushika barabara unapokata kona na unapofunga breki.

Kama gari lako ni nyumba

Magari ya kulala ndani si mengi kwetu, lakini yapo. Wageni wanaosafiri Afrika kwa barabara hupita Msamvu, mjini Morogoro, wakielekea Mikumi na Iringa, na vijana wetu wameanza kugeuza Coaster kuukuu kuwa nyumba za kutembelea mbuga, jiko la biashara au kliniki ya kuzunguka vijijini. Mtu akishaweka kitanda, tenki la maji, jiko na betri, hufikiria kufunga tela la pikipiki au jenereta nyuma. Kwa magari haya nina maonyo matatu.

La kwanza, nyumba imekwishakula uzito. Gari likiwa limejengewa makabati na matenki, mara nyingi limekaribia kikomo chake kabla ya tela. Lipime kwanza.

La pili, mkia ni mrefu. Basi dogo lenye mita 4 kati ya ekseli, na tufe likiwa mita 2.4 nyuma ya ekseli ya mwisho, litageuza pua ya kilo 150 kuwa kilo 240 juu ya ekseli ya nyuma, na kuipunguzia ya mbele kilo 90. Na kama aliyelijenga aliongeza chesisi kwa kuunga vipande nyuma, kiungio kilichofungwa kwenye kiungo hicho hakina nguvu kuliko kiungo chenyewe. Ingia chini ya gari uangalie. Chuma kipya kifike hadi kwenye chesisi ya asili.

La tatu, umeme. Coaster nyingi za dizeli, na baadhi ya Land Cruiser za zamani, hutumia volti 24. Matela mengi ya pikapu yana balbu za volti 12. Ukiunganisha hivyo hivyo, balbu zinakufa papo hapo, nawe unatembea gizani bila kujua.

Kuchagua na kufunga kiungio kipya

Sasa, ukishajua namba zako na bado unahitaji kiungio bora, fanya hivi.

Nunua kiungio chenye kibati cha namba. Viungio vya kiwandani hupigwa muhuri wa uzito wa tela, uzito wa pua, na mara nyingi namba iliyoandikwa D, ikiwa katika kilonyutoni. Namba hiyo hupima nguvu ya kuvutana kati ya gari na tela. Hesabu yake ni hii: zidisha uzito wa gari kwa uzito wa tela, vyote kwa tani, gawanya kwa jumla ya uzito huo, kisha zidisha kwa 9.81. Pikapu ya tani 2.9 na tela la tani 1.5 inahitaji D ya 9.7. Pikapu hiyo hiyo na tela la tani 2.5 inahitaji 13.2. Kiungio chenye D 10 kinatosha safari ya kwanza, hakitoshi ya pili. Chuma kisicho na kibati hakikuambii lolote, hata kikiwa kinene kama reli.

Kisifungwe kwenye bampa. Bampa imeundwa kupokea kishindo kidogo cha nyuma, haikuundwa kuvutwa. Kiungio kishike chesisi pande zote mbili, kwa boliti, kwenye matundu ambayo kiwanda kiliyaacha kama yapo. Angalia kichwa cha boliti: namba 8.8 au 10.9 iwe imepigwa pale. Boliti isiyo na namba ni ya kufungia geti. Chesisi ikiwa ya boksi, ndani ya tundu pitisha bomba fupi ambalo boliti itapenya, vinginevyo ukikaza nati boksi linabonyea, na baada ya mwezi boliti inalegea.

Kuhusu kuchomelea, mafundi wa Morogoro wanajua kazi, na wengi wanachomelea vizuri. Lakini moto hubadilisha chuma cha chesisi pembeni ya weldi, na nyufa hupenda kuanzia hapo. Penye boliti, tumia boliti. Ikilazimu kuchomelea kitu chochote kwenye gari, toa waya za betri kwanza, usiharibu alteneta na kompyuta ya injini. Baada ya kilomita 50 au 100 za kwanza na tela, kaza tena boliti zote. Mama mmoja mwenye tela la maji hapa mtaani hupaka mstari wa rangi nyeupe kuanzia kwenye nati hadi kwenye chuma. Mistari ikiachana, anajua nati imezunguka. Mbinu hiyo haina gharama.

Tufe na kikombe viwe ndugu

Hapa ndipo nilipoona hatari iliyofichika kuliko zote. Kuna tufe la milimita 50, na ndilo la matela mengi yanayofuata vipimo vya Ulaya. Kuna la inchi 2, ambalo ni milimita 50.8. Kuna la inchi 1 na 7/8, yaani milimita 47.6. Kuna kubwa zaidi, inchi 2 na 5/16. Dukani zote zinang'aa sawa.

Tufe la 47.6 likiingia kwenye kikombe cha 50, kikombe kinafunga, kiwiko kinashuka, hata pini inaingia. Kila kitu kinaonekana sawa. Kisha gari linapanda tuta, pua inarushwa juu, na kikombe kinateleza kutoka kwenye tufe. Niliwahi kuliona hilo kwa tela la viti, si mbali na Msamvu. Kilichozuia tela lisiingie kwenye njia ya bodaboda kilikuwa mnyororo wenye kutu, uliofungwa siku hiyo kwa bahati.

Tufe limepigwa namba juu au shingoni. Kikombe kimepigwa namba ubavuni. Kama zimefutika, pima upana wa tufe kwa kalipa, au libane kati ya vipande viwili vya mbao vilivyonyooka upime nafasi kwa rula. Kisha fanya jaribio hili kila safari: funga kikombe, weka jeki chini ya mkono wa tela, nyanyua. Nyuma ya gari inapaswa kupanda pamoja nao. Kikombe kikiachia, usiondoke. Tufe lililochakaa na kuwa na bapa upande mmoja badilisha, na ukilifunga jipya paka grisi kidogo.

Minyororo iwe miwili, ipishane chini ya mkono wa tela kama mikono iliyokunjwa, ili mkono ukianguka udakwe usikwame barabarani. Ifungwe kwenye chesisi au kwenye kiungio chenyewe, isifungwe kwenye shingo ya tufe. Iwe mirefu ya kutosha kona, mifupi ya kutosha isiburure.

Breki, taa na tairi

Tela lako likizidi kilo 750, liwekee breki. Rahisi kwa mazingira yetu ni breki za kusukuma: gari likipunguza mwendo, tela hujisukuma mbele, na msukumo huo huo unavuta kebo ya breki zake. Ekseli yenye breki inagharimu zaidi. Ilinganishe na gharama ya pikapu nzima, na ya mtu aliye mbele yako.

Taa zifungwe kwa plagi ya pini saba. Kwa nyaya zinazofuata utaratibu wa Ulaya, njano ni indiketa ya kushoto, kijani indiketa ya kulia, nyekundu breki, nyeupe ni ya kurudishia umeme. Waya mweupe upeleke hadi kwenye gari. Usitegemee tufe lenye grisi kupitisha umeme. Weka pia alama za kuakisi mwanga nyuma na ubavuni.

Tairi zina namba ya uwezo baada ya saizi. 88 ni kilo 560 kwa tairi moja, 91 ni kilo 615, 100 ni kilo 800, 102 ni kilo 850. Tairi mbili za 88 zinabeba kilo 1,120 kwa jumla, tela likiwa ndani ya hesabu. Soma pia tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matela hukaa sana juani, tairi hupasuka kwa uzee kabla ya kuisha meno.

Barabarani

Mji wa Morogoro uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari; ukipandia Sangasanga kwenda Mgeta unavuka mita 1,000. Kila mita uliyopanda utaishuka na mzigo. Ingiza gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, gia ile ile ambayo ungepandia. Breki ikanyagwe kwa vituo, ikazwe kisha iachiwe ipoe. Wakati wa masika udongo ukiteleza, acha tela chini, panda na pikapu peke yake mara mbili.

Kwenye makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa kama kwa wengine wote. Barabara ya Iringa inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na matuta yake hayana huruma na tela: pita polepole, pua isirushwe.

Tela likianza kuyumba, usifunge breki kwa nguvu na usipigane na usukani. Shika usukani sawa, toa mguu kwenye mafuta, acha mwendo ushuke wenyewe. Kisha simama upange mzigo upya, kwa sababu limekuambia mzigo umekaa vibaya.

Likipinduka, kazi ya kwanza ni kuwaweka watu mbali, hasa kama kuna mafuta. Mji huu hauhitaji kukumbushwa Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka Msamvu na kuua watu zaidi ya 100. Hakuna mzigo wa kuokoa unaozidi uhai.

Kuhusu karatasi, kwa kifupi: tela husajiliwa Mamlaka ya Mapato (TRA) na huwa na namba yake, na bima ya gari isidhaniwe kuwa inalifunika, soma mkataba. Gari la kuanzia tani 3.5 linatakiwa kuingia mizani kama ya Mikese na Vigwaza, kwa mujibu wa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari.

Kabla ya kuondoka

Zunguka gari kwa utaratibu huu, kila safari, hata ya kwenda mtaa wa pili:

1. Kikombe kimefunga, pini imeingia, jaribio la jeki limepita.
2. Minyororo miwili imepishana na kufungwa.
3. Plagi imeingia, mtu asimame nyuma athibitishe indiketa, breki na taa za usiku.
4. Upepo wa tairi zote, za gari, za tela na ya akiba.
5. Mzigo mzito uko juu ya ekseli na mbele yake kidogo, umefungwa kwa kamba, haugusi taa.
6. Gari na tela vimelala sawa, nyuma ya gari haijazama.
7. Baada ya kilomita 10, simama. Gusa vitovu vya magurudumu ya tela kwa nyuma ya mkono. Kimoja kikiwa cha moto kuliko mwenzake, beringi au breki inalia.

Mwisho nakuomba jambo moja, nami nimelifanya kwa matela yangu yote mawili. Kesho asubuhi pima tela lako tupu, toa uzito huo kwenye namba ya uzito wa tela iliyo ndogo kuliko zote ulizozipata, kisha chukua brashi na rangi nyeupe uandike ubavuni kwa herufi kubwa. Langu dogo limeandikwa hivi: TUPU KILO 420. MZIGO USIZIDI KILO 330. Tangu siku hiyo mteja akiniambia "ongeza kidogo tu, si mbali," simjibu kwa maneno mengi. Namwonyesha ubavu wa tela.